Draivu-thru ya kahawa na chipsi barabara ya Moshi, vibali naanzia wapi?

Mama Kahawa AR: Wakuu habari za jioni. Nina kiwanja kando ya barabara kubwa ya Moshi maeneo ya Ngulelo hapa Arusha, nataka nifungue draivu-thru, yani mtu anapita na gari anachukua kahawa na chipsi mayai dirishani anaondoka bila kushuka, maana asubuhi magari yanayoingia mjini ni mengi na kahawa ya maana hamna. Hati inasema makazi. Kuna mtu kanipa ramani ya jengo la draivu-thru ya Marekani kaitoa mtandaoni, imekaa vizuri kweli. Je kuna sheria ya hii kitu au najenga tu kama mgahawa? Naombeni msaada kabla sijamwaga zege.

fundi_ramani: Dada usimwage kitu kwanza. Hati ya makazi inabidi uombe mabadiliko ya matumizi halmashauri kwa afisa mipango miji, ni Sheria ya Mipango Miji ya 2007, na majirani wanaweza kuweka pingamizi so kaongee nao mapema kuhusu honi na harufu ya mafuta. Kibali cha ujenzi kinafuata baada ya hapo. Halafu hiyo ramani iache kabisa, kule dereva anakaa kushoto, dirisha liko upande huo. Sisi dereva yuko kulia, jengo lazima liwe kulia kwake, magari yalizunguke kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Ukijenga kama ilivyo, aliye peke yake kwenye gari itabidi ashuke.

Kijenge Juu: Mi naongelea barabara. Hiyo ni ya TANROADS, wakala wa serikali wa barabara kuu, hifadhi ya barabara (eneo lisiloruhusiwa kujengwa) ni mita 30 kila upande toka katikati ya barabara tangu Sheria ya Barabara ya 2007, zamani ilikua 22.5, na kuna watu walijenga kwa hesabu ya zamani wakaja kuwekewa X ya kubomolewa. Pima kwanza ujue kinabaki nini. Njia ya kuingilia nayo unaiomba kwao pamoja na kalavati, usije ukajaza kifusi kwenye mtaro, masika maji yote yatahamia kwa jirani. Na barabara imegawanywa katikati, wa ng'ambo mpaka akageuze mbele huko. Kiwanja kiko upande gani? Kama ni wa wanaotoka mjini, asubuhi utamuuzia nani?

bibie_wa_Moshono: Jamani foleni hamjaigusa na ndio roho ya hii biashara. Kila gari hesabu mita 6, magari 8 ni karibu mita 50 na zote zinatakiwa ziwe NDANI ya kiwanja chako. Ikimwagika nje vifodi (daladala ndogo) vinakwama, boda wanapita kwenye njia ya waenda kwa miguu walipo watoto wa shule, na hapo trafiki na halmashauri wote watakua na wewe. Jiji la Minneapolis kule Marekani lilizuia draivu-thru mpya 2019, wakitaka barabara zao ziwe salama kwa anayetembea. Chipsi mayai inakaangwa mtu akisubiri, gari moja linashikilia wote walioko nyuma. Weka sehemu mbili za kusubiria mbele ya dirisha, la sivyo chipsi ziache.

Mama Kahawa AR: Asanteni sana, Mungu awabariki. Kiko upande wa kuingia mjini. Nikitoa hifadhi kinabaki kama mita 22 kwa 28, nikizungusha jengo naona magari 7 yanaenea. Chipsi nimeziacha, naanza na kahawa, chai na maandazi. Kwa afisa mipango miji niende na mchoro wa jengo au mikono mitupu?

fundi_ramani: Nenda na nakala ya hati na mchoro wa kiwanja unaoonyesha mipaka, barabara na mtaro, uchore na hayo magari 7 yalivyojipanga. Mchoro wa jengo usilipie kwanza mpaka wakwambie matumizi yanabadilika.