Tupeane uzoefu: Elrond alipochoka, wewe ulikuwa wapi?

Mkazi wa Kirumba: Wakuu, jana umeme ulikatika, nikasoma Baraza la Elrond, sura ya The Lord of the Rings ya Tolkien, kwa tochi ya simu. Elrond ni wa Waelfi, watu wasiokufa kwa uzee. Alipohesabu zama tatu alizoziona na ushindi usiozaa kitu, usingizi ukaniruka. Asiyekufa hana hata nafuu ya kusahau. Nyie huzuni ya kitabu hiki ilikukuteni wapi?

Mama Dagaa: Kwa Galadriel, Mwelfi mtawala wa Lothlórien. Miaka maelfu anapigana vita anayojua atashindwa. Nilifunga kitabu.

Nguli Igoma: Mimi pia hapo hapo.

Mtoto wa Mwaloni: Nilikisoma kambini Ukerewe, mwezi umejaa, tunasubiri giza turudi kuvua dagaa. Marehemu babu alikuwa kamati ya ufukwe. Usiku mmoja walikamata kokoro, wavu haramu wa kukokota, ndani sato wadogo kama vidole. Wakalichoma, watu vigelegele. Babu akakaa juu ya mtumbwi uliofunikwa, akasema, "Hili la tano. La kwanza nilichoma baba yako hajaoa." Wiki mbili baadaye likaja kokoro jipya, na anayelivuta ni kijana yule yule aliyewasha kiberiti. Babu aliuliza tu kama chai imeiva. Sasa nilipofika kwa Isildur, mfalme wa binadamu, Sauron yule mwovu ameanguka, pete yake ya nguvu iko mkononi mwa Isildur, moto wa kuiangamiza uko pale pale, na Elrond anamsihi aitupe naye anaondoka nayo, nilimwona babu.

Nguli Igoma: Kijana huyo nani?

Mtoto wa Mwaloni: Kaka yangu. Tumbo moja.

Mama Dagaa: Jamani!

Msomaji Nyegezi: Pole, ila nyavu na pete wapi na wapi? Turudi kwenye mada. Kwangu Waelfi ni watoro. Wamechoka, wanapanda meli kwenda Magharibi, binadamu wanaachiwa mzigo.

Mkazi wa Kirumba: Mada ndiyo hiyo. Na mtoro gani? Frodo, mbeba pete, alimpa Galadriel pete akaikataa, huku akijua ikiangamizwa Lothlórien yake inafifia. Bado akawasaidia.

Msomaji Nyegezi: Kusaidia kisha kuondoka ni kuondoka.

Mama Dagaa: Kirumba, usisome usiku. Soma mchana, watu wakiwepo.

Nguli Igoma: Hapana, maliza leo leo. Ukiacha hapo huzuni inakaa.

Mama Dagaa: Amalize ili afike bandarini Waelfi wanakopandia meli? Kule ndiko nilikolia zaidi.

Mkazi wa Kirumba: Mwaloni, babu alichoma la sita?

Mtoto wa Mwaloni: Alichoma, peke yake. Kaka alisimama mbali anatazama. Babu alimsamehe kabla hajafa. Mimi bado.