Chupa 12 zimekwama forodhani, na usomaji wa riwaya ya Dracula huko Kisasa, Dodoma, ni Jumamosi

Kaka wa Kisasa, Leeds:
Mbukwenyi wandugu. Bia ya usomaji imezuiliwa huko nyumbani, uwanja wa ndege: chupa 12 za stauti (bia nyeusi nzito) ya kiwanda kidogo, mililita 330 kila moja. Msamaha wa ushuru kwa abiria unataja pombe kali lita 1 au mvinyo lita 2, bia haimo. TIN, namba ya mlipa kodi, ipo. Tulipie palepale kwenye tamko la abiria, au lazima TANSAD (hati rasmi ya forodha) na wakala wa forodha?

Dada wa Makulu, Bristol:
Andika lita 3.96, si "chupa 12". Ushuru wa bidhaa kwa bia huhesabiwa kwa lita. Zikitoka, zisimamishe wima saa 48: stauti iliyochachia chupani ina mashapo ya hamira, na barabarani yametibuka. Itoe kwenye friji mapema, inywewe ikiwa nyuzi 12 hivi. Ikiwa baridi kali, harufu ya kahawa na shayiri iliyokaangwa haitoki, unabaki na uchungu. Kilevi ni asilimia 10, chupa moja watu watatu.

Mzee wa Kongwa, Hamburg:
Mwanangu, stauti haianzi. Sura ya kwanza ya riwaya, Harker, wakili anayesafiri kwenda kwa Dracula, anakula kuku wa paprika (unga wa pilipili nyekundu), kiu inamkamata usiku, anamaliza maji yote ya chombo na bado ana kiu. Hapo ni bia nyepesi, baridi. Stauti ingoje sura ya 7, meli ya Demeter inapoingia Whitby, bandari ya Uingereza, na dhoruba. Tena paprika ya kuku huyo siku hizi huwa ile isiyo kali. Msiweke pilipili kichaa, kilevi na uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia, huzidisha mwasho.

Dada wa Makulu:
Shikamoo Mzee. Na ngomeni kwa Dracula je? Sura ya 2 anapewa Tokay, ambayo ni mvinyo.

Mjomba wa Hombolo, Minneapolis:
Basi mvinyo mtamu wa Dodoma! Zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka, makao makuu yameamuliwa tangu 1973, halafu tunahangaika na forodha kwa chupa za ugenini. Inauma. Huku theluji imefika magotini, nautamani ule upepo wa Septemba unaogonga mabati usiku; usomaji wa kutisha hauhitaji zaidi ya hapo.

Mzee wa Kongwa:
Kwa kanisa bovu la Carfax, nyumba aliyonunua Dracula Uingereza, lenye vumbi na hewa iliyooza, Wabelgiji wangewapa lambiki, bia chachu inayonuka zizi. Ninyi chukueni pombe ya uwele. Uchachu upo, na unga ulioelea unashika ulimi kama vumbi lenyewe. Ichukuliwe asubuhi ileile, maana inaendelea kuchacha. Kesho yake ni kali mno. Msiitie kwenye chupa ya kufunga, gesi itaipasua. Kibuyu, na kitambaa mdomoni.

Dada wa Makulu:
Kitambaa kilowe kidogo. Nzi.