Naombeni ushauri: bakuli la seladoni "la enzi ya Song", ninunue?

Mzigo_Kariakoo: Wakuu, nipo Guangzhou nimefuata mzigo. Tangu siku nilipoona vigae vya kijani vya Kichina kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani, seladoni, yaani vyombo vya udongo vya kijani vya aina hiyo, imenikaa moyoni. Jana muuzaji mmoja kanionyesha bakuli la Longquan, mji wa China unaosifika kwa seladoni; ni kijani cha zeituni, samaki wawili wametokeza ndani. Anasema lina miaka 800, la enzi ya wafalme wa Song, anataka yuan 3,000. Chini limeganda udongo. Nilibebe?

Bi_Kigae: Kaka, usiharakishe. Lipindue kwanza. Udongo wa Longquan una chuma, kwa hiyo pale kwenye kitako pasipopakwa rangi huungua pakawa pekundu kama tofali. Wekundu huo ni wa moto, hautoki. Mimi niliwahi kuuziwa sahani, nikaifuta kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, wekundu wote ukabaki kitambaani. Niliumia sana. Na udongo ulioganda usikubabaishe, unapakwa.

Fundi_Tanuri: Nakazia hapo kwa Bi Kigae. Rangi peke yake haithibitishi umri. Kile kijani kinatokana na chuma kidogo kwenye rangi ya kupaka, kisha tanuri linabaniwa hewa. Mafundi wa Longquan bado wanachoma hivyo hadi leo, UNESCO iliutambua ufundi wao mwaka 2009. Tafuta lenzi, angalia mikwaruzo ndani ya bakuli. Chombo kilichotumika kulia chakula miaka mingi kina mikwaruzo ya kila upande. Kilichosuguliwa kwa msasa, yote inaelekea upande mmoja.

Wakili_Pwani: Mkuu, hata likiwa la kweli hutoki nalo. Sheria ya China inakataza kusafirisha nje vitu vya kale vya kabla ya 1911. Wakikukamata nalo uwanja wa ndege, hiyo ni kesi.

Mzigo_Kariakoo: Nimerudi dukani leo. Nilipotoa kitambaa tu, muuzaji akalichukua bakuli na kulirudisha kabatini. Nimeondoka. Ahsanteni sana, hili la 1911 sikulijua kabisa.

Bi_Kigae: Umefanya vyema, kaka. Kama ni mapenzi ya kweli, nunua jipya la fundi wa Longquan, risiti iandikwe wazi kuwa ni jipya. Na ukifika Mombasa, ingia makumbusho ya Fort Jesus uyazoeze macho kwa seladoni za kale. Vile vigae vya Kilwa viache palepale mchangani.