Ushauri: Nipimeje mchango wa Abdus Salam kwa hesabu za kunukuliwa?

Kijana_wa_Nyegezi:
Wakuu, habari za jioni. Niko hapa Mwanza, nasomea ukutubi, na utafiti wangu wa kumalizia chuo ni juu ya Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistani aliyepata Nobeli mwaka 1979 pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg. Nilimchagua kwa mapenzi: mwaka 1964 alianzisha kituo cha fizikia kule Trieste, Italia, ili wanasayansi wa nchi maskini wapate pa kukutana na wenzao bila kuhama kwao moja kwa moja.

Sasa nimekwama. Kila kanzidata inanipa idadi yake ya nukuu, na zinapishana mno. Halafu msimamizi anataka nionyeshe na ushirikiano, yaani aliandika na nani na lini. Je, kipimo cha h kinatosha? Nianzie wapi? Naomba kuwasilisha.

Kamanga_Feri:
Mkuu, h inatosha. Aliyeibuni mwaka 2005, Jorge Hirsch, naye ni mwanafizikia. Ukiwa na makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20, h yako ni 20, basi. Hirsch mwenyewe alimpigia hesabu mwanafizikia Edward Witten akapata 110. Tafuta ya Salam, linganisha, umemaliza.

Mama_Maktaba:
Ndugu yangu Kamanga, hapo sikubaliani nawe, na ningeomba kijana asiifuate njia hiyo peke yake. H ya mtu haiwezi kuzidi idadi ya makala zake. Mwanafizikia Peter Higgs aliandika makala chache tu maishani, lakini kazi yake ya 1964 ndiyo iliyompa Nobeli mwaka 2013. Kwa h, Higgs anaonekana mtu wa kawaida.

Kwa Salam kuna jambo zito zaidi, na nadhani ndilo linalokuchanganyia namba. Maelezo yake maarufu ya kuunganisha nguvu ya sumakuumeme na nguvu dhaifu aliyatoa kwenye kongamano nchini Sweden mwaka 1968, yakachapwa kwenye kitabu cha kongamano hilo. Weinberg yeye alipeleka yake kwenye jarida mwaka 1967. Kanzidata iliyojengwa juu ya majarida humhesabia Weinberg bila shida, lakini kitabu cha Salam kila mtu anakinukuu kwa namna yake: huyu anaandika jina la mhariri, yule jina la mji, mwingine anakosea ukurasa. Nukuu zinatawanyika. Inabidi uzikusanye kwa mkono, mwanangu, na kazi hiyo ndiyo itakayoupa utafiti wako thamani.

Usitoe jumla peke yake pia. Chora nukuu mwaka hadi mwaka. Makala ile ya Weinberg karibu haikunukuliwa na mtu hadi 1971, mwanafizikia Gerard 't Hooft alipothibitisha kwamba nadharia za aina hiyo zinakokotoleka. Aliyepima mwaka 1970 angesema haina maana.

Na jina! Akina A. Salam wako wengi, wa tiba, wa kilimo. Namba za kuwatambulisha watafiti, za ORCID, zilianza 2012, naye alifariki 1996, kwa hiyo hakujisajili. Anza na INSPIRE, kanzidata ya fizikia ya chembe, kisha linganisha na OpenAlex, kanzidata ya fani zote. Zote ni bure. Andika na tarehe uliyochukua data, maana namba hubadilika.

Mtafiti_Ilemela:
Mama amemaliza upande wa nukuu. Mimi nafanya utafiti wa samaki wa ziwa letu, nakuongezea kwenye ushirikiano.

Amua mapema utagawaje sifa. Mwaka 2015 makundi mawili ya CERN, maabara ya fizikia ya chembe kule Ulaya, yalitoa makala moja yenye waandishi 5,154. Kurasa 9 za fizikia, 24 za majina. Pale Mwaloni Kirumba, kila mvuvi wa mtumbwi akidai kavua mzigo wote peke yake, samaki wa kwenye daftari watawazidi walioko sokoni. Kwa hiyo makala ya watu watatu, mpe kila mmoja theluthi.

Bahati yako, Salam aliandika na watu wachache, na wanajulikana: Goldstone na Weinberg 1962, John Ward 1964, Jogesh Pati 1974, na John Strathdee kwa miaka mingi. VOSviewer, programu ya bure kutoka Leiden, Uholanzi, itakuchorea ramani ya ushirikiano huo. Ila gawa ramani kwa vipindi, la sivyo wa 1962 na wa 1974 wataonekana kama walikaa meza moja.

Kijana_wa_Nyegezi:
Mama Maktaba, shikamoo, na asanteni nyote. Swali moja: wale waliopita Trieste wakafanya kazi zao bila kuandika na Salam, nitawaonaje?

Mama_Maktaba:
Marahaba. Fungua sehemu ya shukrani mwishoni mwa makala zao. Wageni wa pale walikuwa na desturi ya kumshukuru Profesa Salam, Shirika la Nguvu za Atomiki na UNESCO kwa kuwakaribisha kituoni. Tafuta maneno hayo, andika mwaka na nchi ya mwandishi, uyawekee jedwali lake. Usiyajumlishe na nukuu. Ukiwaona wa Afrika Mashariki humo, turudishie jibu hapa, nami nataka kuwajua.