Mchwa wamerudi kwenye fremu za milango: nianzie wapi?

Mkazi wa Kibaha
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri. Baada ya mvua za masika nimeona vijia vya udongo vikipanda ukutani katika chumba cha watoto, na nilipogonga fremu ya mlango kwa mpini wa bisibisi ilitoa sauti ya kitu kilicho wazi ndani. Fundi aliipaka oili chafu mara mbili, na kila mara vijia vilikauka kwa wiki chache kisha vikatokea upande wa pili wa mlango. Juzi nimekuta pia mabawa mengi dirishani, ambayo jirani anasema ni ya sisimizi. Nitajuaje kwa hakika?

Seremala Mstaafu
Mkuu, yatazame mabawa hayo vizuri. Kumbikumbi ana mabawa manne yenye urefu uliokaribiana, kiwiliwili kisichobanwa kiunoni na vipapasio vilivyonyooka, ilhali sisimizi ana kiuno chembamba, vipapasio vilivyopinda kama kiwiko, na mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma. Hata hivyo, kumbikumbi waliofuata taa usiku si ushahidi kwamba nyumba imevamiwa. Kwetu tungewakaanga na habari ikaishia hapo. Ushahidi wako ni vile vijia, kwani mchwa wa ardhini hukauka haraka akikaa kwenye hewa wazi, kwa hiyo hujijengea njia yenye giza na unyevu kutoka udongoni hadi kwenye mbao. Vunja kipande cha urefu wa kiganja, kisha urudi baada ya siku chache: kikiwa kimezibwa upya, bado wamo kazini.

Msimamizi wa Ujenzi
Naongezea kuhusu oili chafu. Huishia juu juu ya mbao na kuchafua udongo, lakini kundi lenyewe liko chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, wala halina haja ya kupita pale ulipopaka. Nakuuliza: wakati wa kujaza kifusi, mafundi waliondoa visiki na mabaki ya mbao za kufungia zege? Nyumba nyingi nilizoitwa kuzitazama zilikuwa na karamu ya mchwa iliyofukiwa na wajenzi wenyewe.

Tiba ya nyumba iliyokwisha kujengwa ni kuuwekea udongo kizuizi. Huchimbwa mtaro mwembamba kuuzunguka msingi, dawa iliyochanganywa na maji ikamwagwa kwa kiasi cha lita 5 hivi kwa kila mita moja ya urefu, kwa kina cha sentimita 30, na udongo wa kurudishia nao ukanyweshwa. Ndani, sakafu hutobolewa kando ya kuta, dawa ikasukumwa chini, kisha matundu yakazibwa kwa saruji. Dawa zenye fipronil au imidacloprid hutumika kwa kazi hii, ila hakikisha imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), na usiruhusu imwagwe karibu na kisima.

Mpangaji wa Unguja
Msisahau mchwa wa mbao kavu, ambaye huku pwani tunamjua sana. Huyu hajengi vijia wala hahitaji udongo. Huishi ndani ya fremu au kabati lenyewe na kusukuma nje vinyesi vikavu mithili ya mbegu za mchicha. Ukikuta chembe hizo, kunywesha msingi dawa ni kupoteza fedha, kwa maana inabidi kutibu au kuondoa mbao yenyewe.

Mkazi wa Kibaha
Nawashukuru sana. Chembe sikuziona, lakini kijia nilichokivunja Jumapili kimezibwa tayari. Nimeuliza pia kuhusu kifusi: kiwanja kilikuwa na mikorosho miwili, na fundi amekiri kwamba visiki vilikatwa usawa wa ardhi tu. Kimoja kiko chini ya chumba hichohicho. Je, nivunje sakafu nikitoe, au dawa itatosha?

Msimamizi wa Ujenzi
Usivunje kwanza. Weka dawa, ongeza matundu kuzunguka pale kilipo kisiki, na ubadilishe fremu kwa mbao iliyotibiwa. Kagua kila mwezi hadi masika yajayo. Vijia vikirudi mahali palepale, hapo ndipo utakapoita nyundo.