Mustang ya "1964 na nusu": gumzo la Ukoo wa Pangani

Hamisi: Assalaam alaykum wana ukoo. Shangazi Mwanaidi, Mjomba Bakari, shikamooni. Kuna Ford Mustang ya paa la turubai inauzwa huku Muscat. Tangazo linasema "1964½, V8, nambari zote halisi". Nimepiga picha bamba la mlango wa dereva. Kaka Idrisa, hebu lisome.

Hamisi: 📷

Hamisi: Kama picha haionekani vizuri: nambari ya gari inaanza 5R08C. Mstari mwingine una J, kisha 18K.

Shangazi Mwanaidi: Wa alaykum salaam mwanangu, marahaba.

Idrisa: Wa alaykum salaam. Hiyo si 1964½. Ni 1965 ya kawaida, na bamba lenyewe linasema hivyo.

Idrisa: 5 ni mwaka wa modeli, 1965. Hapo peke yake huwezi kuhukumu, maana hata zile za kwanza kabisa zilizoundwa Machi 1964 zinaanza na 5. Ford iliziandikisha zote kuwa modeli ya 1965. Hiyo "na nusu" ni lugha ya wauzaji na wapenzi wa gari kwa zile za miezi ya mwanzo.
R ni kiwanda cha San Jose, California. F ingekuwa Dearborn, T ingekuwa Metuchen, New Jersey.
08 ni turubai. 07 ni ya paa la bati, 09 ni fastback, yaani paa linaloteremka mpaka nyuma.
C ni injini: V8 (silinda nane) ya inchi za ujazo 289, kabureta ya koo mbili, nguvu farasi 200. Hapa ndipo tangazo linapoanguka.

Hamisi: Kwa nini? 289 si ilikuwepo tangu mwanzo?

Idrisa: Ilikuwepo, lakini kwa herufi D, koo nne, farasi 210. Herufi za injini za mwanzo zilikuwa U (silinda 6, inchi za ujazo 170, farasi 101), F (V8 ya 260, farasi 164) na D. K ya farasi 271 ikaongezeka Juni 1964. Modeli zilipobadilishwa baada ya Agosti 1964 ndipo zikaja injini za T, C na A. Ukiona injini ya C, A au T, "na nusu" haipo. Ukiona 09 pia haipo, kwa sababu fastback ilitoka Septemba 1964.

Mjomba Bakari: Na 18K imemaliza ubishi. Ni tarehe 18 Oktoba. Miezi inahesabiwa kwa herufi, A ni Januari, I inarukwa, kwa hiyo K ni Oktoba. Kwa modeli ya 65 hiyo ni Oktoba 1964.

Mjomba Bakari: J ni rangi, nyekundu iliyoitwa Rangoon Red. Kwenye picha gari ni jeupe. Si kosa, gari la miaka yote hiyo kupakwa upya ni kawaida, lakini aliyesema "halisi" ajibu. Fungua boneti, na fungua vifuniko vya ndani pembeni mwa miguu ya dereva na abiria. Mafundi wengi hawapaki huko.

Salma: Sasa niulize mimi. Kwa nini watu wanaigombania hiyo "na nusu"? Na kwa nini gari jipya litoke Aprili?

Shangazi Mwanaidi: Swali zuri Salma, hapo ndipo biashara yenyewe ilipo. Kampuni za Marekani zilikuwa zinatoa modeli mpya msimu wa vuli, zote kwa mpigo, na magazeti yanagawana nafasi. Ford wakaitoa Mustang peke yake tarehe 17 Aprili 1964, kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York. Usiku wa kuamkia siku hiyo walinunua muda wa tangazo kwenye NBC, CBS na ABC kwa wakati mmoja. Televisheni ya Marekani wakati ule ilikuwa mitandao hiyo mitatu, basi. Ukibadilisha chaneli unakutana na gari lilelile.

Shangazi Mwanaidi: Wiki hiyohiyo Lee Iacocca, mkuu wa kitengo cha Ford, yuko kwenye jalada la Time na la Newsweek, yote mawili. Siku ya kwanza zikaagizwa kama 22,000. Mwaka ulipotimia zimeuzwa 418,812, wakati makisio ya awali yalikuwa 100,000.

Salma: Mbona Plymouth Barracuda ilitangulia? Ilitoka tarehe 1 Aprili.

Shangazi Mwanaidi: Ilitangulia siku 16 na haikuisaidia. Mbele yake ilionekana wazi kuwa ni Valiant, gari dogo la Plymouth, iliyowekewa kioo kikubwa nyuma. Mustang nayo chini ni Falcon, gari dogo la Ford, usidanganyike, lakini umbo lilifichwa vizuri: boneti refu, buti fupi. Mnunuzi haoni chesisi.

Idrisa: Na ndiyo sababu vipuri vingi vya mbele vinaingiliana na vya Falcon. Kwa fundi ni neema.

Shangazi Mwanaidi: Kingine ni bei. Ford walikuwa wameungua na gari lao la Edsel. Ile waliificha, wakaitangaza kwa mafumbo muda mrefu, na tarehe 4 Septemba 1957 ilipofunuliwa watu wakaona gari kama magari mengine, bei imegongana na Mercury ya nyumba hiyohiyo, na uchumi unaporomoka. Novemba 1959 ikafungwa. Kwa maoni yangu kosa kubwa la Edsel lilikuwa kumwahidi mtu muujiza bila kumwambia unagharimu kiasi gani. Tangazo la Mustang likaweka bei kwa maandishi makubwa: dola 2,368.

Hamisi: Kwa V8?

Shangazi Mwanaidi: Hapana 🙂 Ni ya paa la bati, silinda 6, gia tatu za mkono. Chini yake kuna maneno madogo "F.O.B. Detroit", yaani bei ya mlangoni Detroit: usafiri wa kufika kwa wakala na kodi unalipa wewe. Turubai ilianzia dola 2,614. Lakini ndani ya ile bei ya chini walitia vitu ambavyo gari rahisi la wakati ule halikuwa navyo: viti viwili tofauti mbele, zulia, gia ya sakafuni, dashibodi yenye sponji, vifuniko kamili vya rimu. Mtu haoni haya kuinunua hata ile ya bei ya chini kabisa.

Shangazi Mwanaidi: Halafu inakuja orodha ya nyongeza, na faida ilikuwa humo. Redio ya AM karibu dola 58. Kiyoyozi karibu 280. Gia otomatiki, usukani mwepesi, breki za diski mbele, matairi ya mstari mweupe. Unaingia na 2,368 kichwani, unatoka umepita 3,000, na kila senti umeichagua mwenyewe. Hakuna aliyekulazimisha.

Idrisa: Na orodha hiyo ndiyo inayotusumbua mafundi leo, kwa sababu nyongeza nyingi hazikuandikwa popote kwenye nambari ya gari. Mfano GT, kifurushi cha kimichezo. Kifurushi cha GT kilitoka Aprili 1965, gari likitimiza mwaka, na nambari ya gari haina alama yake. Hiyo ya Hamisi ni ya Oktoba 1964, kwa hiyo akikuuzia kwa jina la GT mkatalie palepale. GT ilikuja na injini ya A au K tu, kamwe si C. Taa za ukungu kwenye grili na mistari ya ubavuni inanunulika. Angalia chini nyuma: GT ya kiwandani ina vibati vya kuimarisha vilivyochomelewa kwenye chesisi pale eksozi mbili zinaponing'inia.

Hamisi: Hajasema GT, alhamdulillahi. Amesema "nambari zote halisi", injini na bodi zinalingana.

Idrisa: Zinalingana vipi? Kwa Mustang za 1965 ni injini ya K peke yake iliyogongwa nambari ya gari kwenye bloku. Injini ya C haina. Unachoweza kukagua ni tarehe ya kumiminwa chuma: ipo upande wa kulia wa bloku, karibu na stata. Inasomeka mwaka, mwezi, siku, kwa mfano 4J12 ni 12 Septemba 1964. Iwe kabla ya 18 Oktoba, kwa wiki chache. Ukiona inaanza na 6 au 7, injini imetoka gari jingine.

Mjomba Bakari: Hata ikiwa hivyo, injini nzuri ya 289 ni injini nzuri. Bei ndiyo ishuke.

Mjomba Bakari: La muhimu zaidi, hakikisha ilizaliwa V8. Hesabu nati za gurudumu. V8 ina 5, silinda 6 ina 4. Difu ya V8 ni ya inchi 8, ya silinda 6 ni ndogo zaidi, inchi 7.25. Breki za ngoma mbele: V8 inchi 10, silinda 6 inchi 9. Watu wanatia V8 kwenye gari la silinda 6 na kuacha breki na fimbo za usukani za zamani. Linakimbia vizuri sana mpaka siku ya kusimama.

Shangazi Mwanaidi: Na za silinda 6 ni nyingi kwa sababu za kibiashara. V8 zilikuwa haba, wateja wanasubiri, Ford wakatoa tangazo mahususi la kumshawishi msichana anayejitegemea achukue ya silinda 6. Lilikuwa tangazo zuri: halikumwonyesha kuwa anachukua makombo.

Salma: Na hii nimeiona inauzwa kutoka Ujerumani, imeandikwa T-5 badala ya Mustang. Ni kopi?

Idrisa: Si kopi, ni Mustang kamili. Ujerumani jina Mustang lilikuwa tayari la kampuni ya Krupp, kwenye malori. Ford wakaiuza kwa jina T-5. Maandishi ya Mustang ubavuni hayapo, ila farasi wa kwenye grili yupo.

Idrisa: Na magari ya kwenda nje yalifungwa kipande kimoja cha chuma kinachoshika minara miwili ya shokabzoba na ukuta wa nyuma ya injini, badala ya fimbo mbili nyembamba za kawaida. Mpaka leo madukani kinaitwa brace ya export. Hamisi, kama halina, kinunue. Minara ile hujikunja kwa ndani kidogo kidogo, na hupasuka pale mkono wa juu wa gurudumu unapofungwa. Kikikataa kuingia kwenye matundu yake, minara imeshasogea, usikilazimishe kwa nyundo.

Mjomba Bakari: Sasa kutu, maana turubai ni hatari kuliko zote. Gari hili halina chesisi ya kujitegemea, na bila paa nguvu yote iko kwenye vizingiti vya chini ya milango. Weka jeki nyuma kidogo ya gurudumu la mbele, inua taratibu, kisha fungua mlango wa upande huo. Ukikwama, au mwanya wa juu ukibana, vizingiti vimekwisha. Na pitisha sumaku yenye kitambaa: isiposhika, hapo kuna puti, si bati.

Mjomba Bakari: Kisha jagi la maji. Mimina taratibu kwenye matundu yaliyo mbele ya kioo cha mbele, kulia halafu kushoto, mwenzako amelala chini ya dashibodi na tochi. Majani hujikusanya humo ndani, unyevu haukauki, kingo za tundu la hewa zinaoza, maji yanashuka kwenye miguu. Anayebadilisha bati la sakafu bila kuziba huko juu atalibadilisha tena. Kazi yenyewe ni kubwa: lazima uvue madigadi na kioo, uanze kutoboa madoa ya kulehemu moja moja.

Hamisi: Muuzaji amesema sakafu ni mpya 😐

Mjomba Bakari: Basi hilo jagi usilisahau.

Idrisa: Breki nazo: master silinda ya 1965 ni ya chumba kimoja kwa magurudumu yote manne. Mpira mmoja ukipasuka, pedali inafika sakafuni. Vyumba viwili vilikuja na modeli ya 1967. Badilisha kabla hujaliendesha barabarani: master ya vyumba viwili, mabomba mapya, na kigawanyo chake.

Hamisi: Naenda kesho baada ya Alasiri. Nitume picha zipi?

Idrisa: Nambari iliyogongwa kwenye bati la ndani ya madigadi ya kushoto, karibu na mnara wa shokabzoba. Bamba la mlangoni linatengenezwa upya na kuuzwa, kwa hiyo ile ya bati ndiyo inayotakiwa ifanane na hati. Tarehe ya bloku. Nati za gurudumu moja. Chini ya vizingiti vyote viwili. Na inua zulia la buti: uso wa juu wa tanki la mafuta ndio sakafu yenyewe ya buti, nionyeshe kingo zake zote.