Mabati ya mwanasiasa, mikrofoni ya kanisa: nitie sahihi au nikatae?

Mama Unga wa Kenya (Lubumbashi) aliuliza:

Jambo kwenu wote. Mimi nauza unga wa mahindi soko la Kenya hapa Lubumbashi. Kwa walio mbali: Kenya ni komini yetu, siyo nchi ya Nairobi. Nina swali la dhamiri.

Kanisa letu linavuja. Mwanasiasa mmoja, simtaji, ameahidi mabati ya upande mzima wa paa. Anachoomba kinaonekana kidogo: siku ya kuyaleta apewe mikrofoni baada ya mahubiri "awasalimie wakristo". Kamati imekubali. Mimi ni mweka hazina wa kina mama na sahihi yangu inahitajika, nami nimekataa. Sasa naitwa mama wa kichwa kigumu. Mzee mmoja ameenda mbali zaidi akasema sina uzalendo, kwamba wakati huu wa vita ya mashariki kila kanisa linapaswa kusimama nyuma ya leta, yaani serikali.

Niwaeleze nilipo ili mnijibu mimi, msimjibu mtu mwingine. Mwanangu anasoma UNILU, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, na mwaka jana aliniletea maandishi ya watu wanaojiita walibertari. Wengi wao ni Wamarekani, na wanagombana wenyewe kwa wenyewe juu ya bunduki na bangi, mambo yasiyonipikia bukari (ugali). Lakini mzizi wao niliutambua palepale: hakuna mtu, hata akiwa na cheo, hata akivaa magwanda, mwenye ruhusa ya kuanza kumtumia nguvu mwenzake ambaye hajamdhuru mtu, wala kumnyang'anya jasho lake. Hilo nililijua kabla sijajua Kifaransa. Nililijulia Likasi, mji wa hapa Katanga.

Baba yangu ni Mulubakat, Muluba wa Katanga; mama yangu ni Mukasai, asili yake mkoa wa Kasai. Mwaka 1992 nilikuwa msichana. Kule Kinshasa walibadilishana kiti cha waziri mkuu, Mkatanga akatoka, Mukasai akaingia, na bili ya mabadiliko hayo ikaletwa kwa mafundi wa reli na walimu wa kwetu. Wanasiasa walipanda majukwaani wakawaita Wakasai "bilulu", wadudu. Maelfu wakalala kituo cha treni cha Likasi wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona, na wengine walikufa hapohapo kabla treni haijafika. Waliokuja kwetu usiku hawakuwa wageni. Mmoja wao alikuwa akiimba besi kwenye kwaya ya mama. Kabla ya yale majukwaa tulikuwa tukikopeshana chumvi na watu wale, na watoto wao walilala kwetu mama yao akienda kujifungua.

Kanisani kwetu miezi ile sikusikia hata hubiri moja la kusema hapana. Nilisikia sala za kuwaombea viongozi wetu hekima.

Ndiyo maana mikrofoni ile naiogopa kuliko mvua.

Na amani je? Unga wangu unatoka Zambia. Agosti 2024 Kongo ilikuwa imezuia bia na vinywaji baridi kutoka ng'ambo, madereva wakaandamana, Zambia ikafunga mpaka: Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, vyote mara moja. Kwa ajili ya bia na soda! Nchi zote mbili zimo ndani ya COMESA, soko la pamoja la Afrika, na wakubwa wake hupigana picha wakipeana mikono. Mimi na muuzaji wangu wa Chililabombwe hatujawahi kugombana. Yeye ni Mubemba, tunasikizana kwa Kibemba changu kibovu na Kiswahili chake kibovu zaidi. Wanaogombana ni mihuri.

Nikifungua Biblia nakuta Samweli wa Kwanza sura ya 8. Watu wanataka mfalme kama mataifa mengine, na nabii anawahesabia gharama: atawachukua wana wenu awape magari ya vita, atachukua mashamba yenu mazuri, atachukua sehemu ya kumi ya nafaka. Fungu la kumi tu! Malori yetu yangeshangilia mfalme wa namna hiyo.

Basi swali. Ninayokataa kutia sahihi ni imani yangu, au ni mfanyabiashara aliyechoka na bariyeri za kulipisha barabarani akajifunika Biblia? Na mtu anaweza kuitakia nchi yake amani bila kusimama nyuma ya leta?

Katekista wa Katuba alijibu:

Mama, salamu katika Bwana. Kukataa kutia sahihi usichokiamini ni jambo la heshima, hilo kwanza.

Lakini Samweli umemwacha njiani. Watu walikataa kusikia, na Mungu akamwambia nabii wake: wape mfalme. Sura mbili mbele, Samweli huyohuyo anashika kichupa cha mafuta anampaka Sauli. Angekuwa mlibertari wa mwanao angekitupa mtoni. Na Paulo alipowaandikia Warumi kwamba mwenye kudaiwa kodi alipe, aliyekuwa kwenye kiti ni Nero.

Kuhusu mikrofoni nakubali nusu. Asalimie uani, baada ya baraka. Kwetu padri mwenyewe haruhusiwi na sheria ya Kanisa kushika cheo cha serikali. (Ingawa wanasiasa huketi benchi la mbele, na parokia nzima inajua bahasha ya nani ilikuwa nene.)

Dereva wa Kasumba alijibu:

Mama, ile mabati mukamate tu. Mvula hainaulizaka mutu iko mu chama gani. Huyu bwana ataongea dakika tano, mabati itakala myaka makumi mbili. Kisha siku ya uchaguzi kila mutu atachagula penye roho yake iko. Njo vile tulifanyaka na tisherti, na kalamu, na chumvi.

Mushi wa Ibanda (Bukavu) alijibu:

Yaya, pole kwa ya Likasi. Sasa niruhusu nikubishie.

Umewahi kukaa mji usio na leta, hata siku mbili? Sisi tulikaa, Februari 2025. Askari waliokuwapo walikuwa wameondoka, waasi wa M23 hawajashika mji wote. Gereza kuu wazi, wafungwa mitaani. Maghala ya Shirika la Chakula Duniani yakaporwa, karibu tani 7,000 za chakula. Na usidhani magunia yale yalibebwa na wenye bunduki peke yao. Nilimwona msomaji wa somo la kwanza wa parokia yetu akipanda mlima na gunia kichwani, mke wake nyuma na madumu ya mafuta. Alinisalimia! Hakuna jukwaa lililomtuma, hakuna waziri mkuu aliyebadilishwa. Kwa hiyo unaponiambia watu wakiachwa wenyewe hukopeshana chumvi, nakuuliza: chumvi ya nani?

Huku tumeona pia kwamba nafasi ya leta haikai wazi. Anayeingia wa kwanza na bunduki ndiye anaweka bariyeri wa kwanza, na bei yake haina hata risiti bandia.

Nikupe na cha upande wako, maana sipendi kushinda kwa hila. Benki zilipofunga, muso yetu ya shirika, kikundi chetu cha akiba, haikufunga. Sanduku moja, kufuli tatu, mama watatu kila mmoja na ufunguo wake. Watu walipata hela ya dawa kutoka pale, bila polisi na bila gavana.

Halafu kuna Munzihirwa, askofu mkuu wetu. Oktoba 1996 wakubwa wa Zaire walikuwa wakitoroka Bukavu, askofu mkuu akabaki, na mji mzima ukawa unangoja atasema nini. Hakuwa na askari hata mmoja. Alituomba tubaki na tusiwadhuru wakimbizi. Aliuawa tarehe 29 ya mwezi ule, hapa mjini. Mimi nilikuwa mtoto wa altare. Kila nikisikia neno mamlaka namwona yeye, siwaoni waliofuata, na wamefuata wengi. Lakini siwezi kukuambia kwamba ule ni mpango wa kuendesha nchi.

Mjukuu wa Kitawala (Ruashi) alijibu:

Mama Unga, mwanao amekuletea kutoka Marekani kitu ambacho babu zetu walikuwa nacho hapahapa. Babu yangu alikuwa Mukitawala, mtu wa dini iliyotokana na mafundisho ya Watchtower. Aliona kodi ya kichwa ya Wabelgiji, aliona pamba ya lazima, siku 60 kwa mwaka unalimia leta kitu usichoweza kula, na akaamua kwamba Mungu hana bwana shamba. Hakulipa. Hakumpiga mtu. Walimpeleka Kasaji, kambi ya waliohamishwa, na bibi akalea watoto peke yake. Katika familia yetu jambo hili halina wimbo. Bibi hakumsamehe hadi anakufa, alisema imani ya babu ilikuwa safi kwa sababu kuni alitafuta yeye.

Na katika mji huuhuu wetu, ulipoitwa Elisabethville, nabii Simon Kimbangu alikufa kifungoni, 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30. Alikuwa amehukumiwa kifo kwa kuhubiri miezi michache tu. Leo leta imempa sikukuu, 6 Aprili, na wanasiasa huvaa vizuri siku hiyo. Leta huwapenda manabii wakishakufa.

Nisikufiche upande wa pili. Watu wa kwanza kuleta mafundisho ya Watchtower upande wetu hawakuwa malaika wote. Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, alipita Rhodesia ya Kaskazini akavuka hadi Katanga mwaka 1925, akiwabatiza watu kwa kuwazamisha, na aliyemwita mchawi akamwua majini. Wazee wa vijiji wenyewe walikuwa wakimwonyesha nani wa kuzamisha. Waingereza walimnyonga 1926. Babu alichukia serikali ya wazungu maisha yake yote, lakini kuhusu kamba ile hakuwahi kulalamika. Nilimuuliza, akaniambia nikachote maji.

Mwanasheria mchovu alijibu:

Kwa ufupi, niko kazini. Katiba ya 2006, ibara ya 1, leta yetu haina dini. Ibara ya 34, mali ya mtu ni takatifu, neno lenyewe limo. Lakini sheria ya ardhi ya Julai 1973 inasema udongo wote ni wa leta, milele, na miezi minne tu baadaye Mobutu akagawa maduka ya wageni kwa marafiki zake, waulizeni wazee wa mjini yale ya Wagiriki yaliishaje. Kwa hiyo paa litakuwa lenu, mabati yatakuwa ya mwanasiasa kwenye hotuba zake zote, na chini ya msingi wenye nyumba ni wengine kabisa. Hakikisheni angalau cheti chenu cha kiwanja hakijapotea. Makanisa mengi hujua hilo siku greda linapofika.

Mama Unga wa Kenya alijibu:

Aksanti kwenu wote. Sikutegemea.

Dereva wangu, tisherti haishiki mikrofoni. Hapo ndipo tulipoachana.

Katekista, nimeendelea kusoma kama ulivyoniagiza, sikuishia kwa kile kichupa. Nimefika sura ya 12. Samweli amezeeka, anasimama mbele ya watu wote na mbele ya mfalme aliyempaka mafuta, anauliza: nimechukua ng'ombe wa nani? Nimechukua punda wa nani? Nimemdhulumu nani? Yule bwana wa mabati akija kuuliza maswali hayo mbele ya kina mama wa soko la Kenya, nitamshikia mikrofoni kwa mkono wangu.

Mushi, ndugu yangu, wewe umenikosesha usingizi. Yule msomaji wako na gunia lake namwona vizuri kabisa, hata kofia yake naiona. Lakini nikuambie tofauti. Likasi leta ilikuwapo. Polisi walikuwapo, ofisi zilifunguliwa asubuhi, mihuri ilikuwa na wino, na treni zilizowaondoa watu zilipangwa zikaandikwa. Wizi wa Bukavu ulifanywa na watu waliojua kwamba wanaiba. Nadhani hata salamu yake ilikuwa ya haraka. Wale wa kwetu walirudi kwaya Jumapili wakaimba, kwa sababu kuna mkubwa aliyewaambia kwamba wamefanya kazi ya nchi. Hicho ndicho ninachokiogopa. Sitafuti mji usio na sheria, nataka sheria inayomshika mwenye magwanda kama inavyonishika mimi. Mwanangu anasema hapo nimeshatoka kwenye orodha ya walibertari wake halisi. Basi anifute, ada ya masomo nitaendelea kulipa.

Na kuhusu mashariki, kwa yule mzee wa kamati aliyesema sina uzalendo: tangu Goma iliposhikwa tunachanga kila mwezi kwa familia tatu zilizokimbilia huku, unga ni wangu. Sikuwaona wakiuliza unga ule unasimama nyuma ya nani.

Mjukuu, bibi yako ningependa kumjua. Nimemfikiria kuliko babu.

Sanduku la kufuli tatu nimelipenda. Nimepiga hesabu na kina mama wanne: tukiweka kidogo kila wiki, na mafundi wetu wa kanisani wakitoa mikono yao bure, upande unaovuja zaidi tunaumaliza kabla ya mvua za Novemba. Upande wa pili utangoja, tutaweka ndoo.

Kikao ni Alhamisi. Hoja yangu nimeiandika kwenye karatasi na kumpa katibu. Nimeona ajenda: wameiweka ya mwisho kabisa, chini ya "mengineyo". Kwa hiyo nitakula kabla ya kwenda.